Walimpigia mwanangu muhuri bila kumgusa kifua

Nilitaka kuandika kwamba msikanyage kliniki ile kabisa. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Someni tu.

Shule ya kijana wangu hapa Kampala imeagiza kila mchezaji alete fomu ya daktari kabla ya mashindano. Jambo jema sana. Basi tukaenda kliniki moja, jina lake naliacha, tukalipa, tukakaa kwenye benchi mpaka jua likatuhamia. Nesi alipotuita hakuinua uso. Alichukua fomu akaanza kutia tiki: hapana, hapana, hapana, kutoka juu mpaka chini, kisha muhuri. Stetoskopu ilikuwa inaning'inia shingoni mwake muda wote huo.

Nikaisoma fomu pale pale. Swali mojawapo: kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya kufika miaka 50? Hapana.

Kaka yangu alianguka uwanjani Jinja akiwa na miaka 22. Hakuna aliyemgusa, mpira wenyewe ulikuwa upande wa pili. Wazee wakasema karogwa, tukazika. Marc-Vivien Foé, mchezaji mpira wa Kameruni, alipoanguka hivyo hivyo kule Lyon mwaka 2003, uchunguzi ulionyesha msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, na ugonjwa huo hurithiwa katika familia. Wa kwetu hakupimwa na mtu. Sasa anakuja mtu na kalamu yake anamfuta kaka yangu kwa tiki moja!

Nikamwambia nesi, "Musawo (ndivyo tunavyowaita wahudumu wa afya hapa), hujamsikiliza hata mapigo." Akanijibu, "Mama, mtoto anakimbia dakika tisini, moyo wake utakuwa na nini? Wengine wanangoja."

Anakimbia dakika tisini. Kaka yangu naye alikuwa anakimbia. Na hapa Uganda hata ukiacha ya kurithi, kuna watoto wengi ambao vali za mioyo yao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanza kama maumivu ya koo tu. Ukiweka stetoskopu kifuani, mara nyingine unasikia mvumo usio wa kawaida. Ni kazi ya dakika moja. Dakika moja tu jamani!

Nilipaza sauti, sikatai. Na hapo ndipo ninaposhindwa kuwapa sifuri, maana kijana wa chumba cha ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo, alitoka kuona kuna nini, akasema, "Shikamoo mama, njooni huku." Alimlaza mwanangu, akambandika vile vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, huku akimtania kuhusu timu yake ili atulie. Akaniuliza habari za kaka yangu: alikuwa anafanya nini alipoanguka, aliwahi kuzimia kabla ya siku ile? Tangu tulipomzika, hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza. Nilishindwa kujibu mara moja.

Alinieleza pia kwamba michoro ya wanamichezo weusi mara nyingi ina mistari inayotisha kwa asiyeizoea, kumbe ni moyo uliozoea mazoezi. Lakini kwa historia yetu, akasema, mchoro peke yake hautoshi, mpelekeni Mulago, Taasisi ya Moyo, apigwe picha ya moyo. Tulikwenda. Moyo ni mzima, alhamdulillah, ila tumeambiwa tumrudishe kila baada ya muda maana msuli unaweza kunenepa anapoendelea kukua.

Mume wangu anasema, si unaona, nesi alisema kweli. Hapana! Alibahatisha. Kila nikilisikia hilo hasira inapanda upya, na yule kijana mwema wa ECG namsahau kabisa. Kwa hiyo msiende. Au nendeni, lakini mwulizieni yeye, na mwenye muhuri asiishike fomu yenu kabla hajamvua mtoto shati.

Nilirudi kuomba fomu irekebishwe. Dirishani nikaambiwa fomu mpya inalipiwa upya. Nikachukua kalamu yangu mwenyewe, nikakata ile hapana, nikaandika pembeni: ndiyo, mjomba wake, miaka 22, uwanjani. Ndiyo niliyopeleka shuleni.