ELM327 ya Kariakoo: imejilipa kwa mpira mmoja uliopasuka

Nasambaza keki. Gari langu ni IST ya umbo la pili, yenye injini ya 1NZ, na kwa joto la Dar keki ya krimu haisubiri gari ligome njiani. Kwa hiyo taa ya injini ilipowaka nilikimbilia gereji siku hiyohiyo. Fundi akachomeka mashine, akatazama kidogo, akasema, "Mama, sensa ya oksijeni imekufa." Nikatoa 30,000 ya kupima na 90,000 ya sensa ya mtumba. Siku ya nne taa ikawaka tena, na gari likiwa kwenye silensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, linatetemeka kama lina homa.

Ndipo nikanunua ELM327, kidude cha bluu chenye Bluetooth cha kusomea hitilafu za injini kwa simu, kwa 28,000. Soketi yake ya matundu 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Unachomeka, unawasha swichi, unakiunganisha na simu kwa namba ya siri 1234, kisha unafungua programu ya Torque. Simu yangu ni Android. Mdogo wangu mwenye iPhone alihangaika nacho jioni nzima, hakikushika. iPhone inataka cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya aina mpya.

Kikanisomea msimbo P0171. (Mafundi husema "kodi", mara ya kwanza nilidhani nadaiwa ya nyumba.) Maana yake mchanganyiko wa hewa na petroli una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa. Sasa sensa ya oksijeni inakaa kwenye ekzosi, inanusa moshi na kupeleka taarifa. Yaani ndiyo iliyosema kweli! Mjumbe hauawi, lakini wangu aling'olewa akatupwa.

Msimbo peke yake ungeniacha palepale. Kilichonifaa ni namba zinazocheza wakati injini inanguruma, hasa zile za marekebisho ya petroli: asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Gari zima huchezea karibu na sifuri, juu kidogo au chini kidogo. Langu likiwa kwenye silensa, jumla ya marekebisho ya muda mfupi na ya muda mrefu ilikuwa asilimia 28. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikateremka hadi 7.

Huko kuteremka ndiko kulikonipa jibu. Kwenye silensa injini hunyonya kwa nguvu huku mlango wa hewa ukiwa karibu umefungwa, hivyo tundu dogo linaingiza sehemu kubwa ya hewa ambayo haikupita kwenye sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena. Kama sensa ya hewa ndiyo ingekuwa chafu, namba ingepanda kadiri ninavyokanyaga. Nikafungua boneti, nikapapasa mipira, na ule wa PCV, unaotoka kwenye kifuniko cha injini na kurudisha mvuke wake kwenye njia ya hewa, ulikuwa umepasuka upande wa chini, usioonekana. Mpya: 12,000. Namba zikarudi kwenye 3, mtetemo ukaisha.

Kasoro kinazo. Changu kimeandikwa toleo la 1.5, na Elm Electronics ya Kanada, waliobuni chipu yenyewe, hawakuwahi kutoa toleo hilo. Ni nakala, basi. Kinasoma injini vizuri, ila taa ya breki za ABS au ya mifuko ya hewa usitegemee. Pia usiwe na kidole chepesi kwenye kitufe cha kufuta: kinafuta na kumbukumbu ya hali ya injini pale tatizo lilipojitokeza, joto, mwendo na mizunguko, vitu ambavyo fundi mzuri angeviuliza kwanza. Piga picha skrini kabla.

Nyota nne. Ya tano niliinyima niliporudi kutoka Moshi. Soketi ile ina umeme hata gari likizimwa, nami nilikiacha kimechomekwa siku tisa. Nilipozungusha ufunguo, hata saa ya dashibodi haikuwaka, na oda ya harusi ikaenda kwa bajaji.