Darasa la Kiingereza kwa vichekesho vya TV hapa Kisumu: msimpeleke mama yenu

Nasema mapema ili anayetaka kulipa ada asisumbuke kusoma hadi mwisho: usiende. Au kama ni lazima, nenda wewe kijana uliyekomaa uso, usimpeleke mzazi wako.

Darasa liko ghorofani, karibu na barabara ya Oginga Odinga. Mnatazama vichekesho vya Waingereza, mwalimu anasimamisha picha kwa rimoti, mnarudia maneno ya mwigizaji. Wazo lenyewe ni zuri, siwezi kulikana. Mimi nakaa mapokezi kwenye gesti moja Milimani, na Fawlty Towers, kwa kuwa ni mambo ya hoteli, ilinifaa kuliko vitabu vyote vya shule. Vipindi vyake ni 12 tu, kwa hivyo unarudia kimoja mpaka sikio lizoee. Hapo ndipo nilipoanza kuusikia mkazo. Kiswahili chetu huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaubeba hivyo hivyo hadi kwenye Kiingereza. Wao mkazo unahamahama: photograph uko mwanzoni, photography umesogea silabi ya pili, na silabi zilizobaki wanazimeza. Siku hizi mgeni akipiga simu namwelewa mara ya kwanza.

Basi mwezi uliopita hivi, au ule wa kabla yake, ikaletwa Mind Your Language, ile ya darasa la jioni la wageni mjini London. Kwetu kuna mama mmoja anayeuza omena Kibuye. Binti yake ameolewa ng'ambo na wajukuu hawajui lugha nyingine ila Kiingereza. Mwalimu akaandika ubaoni: She sells fresh fish. Mama akasimama, akasoma: See sells fres fis.

Mwalimu, ambaye ni kijana tu, akatoa simu mfukoni, akabonyeza, ikatoa vile vicheko vya kurekodiwa vya kwenye TV. Darasa likaangua kicheko. Akamwambia arudie. Mama akarudia, kwa sauti ya chini. Akabonyeza tena.

Mama akafunga daftari lake, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuja kufunzwa."

"Mama, usikasirike, si hii ni komedi tu!"

Hajarudi tena.

Mtu analipwa kufundisha matamshi, tena Kisumu, na hajui kwamba Dholuo, lugha ya Wajaluo kama mama huyu, haina sauti ya sh? Mama alisoma vizuri kabisa kwa sauti alizolelewa nazo. Kilichotakiwa ni kumwonyesha: kwa s ulimi uko karibu na ufizi nyuma ya meno ya juu, sasa urudishe nyuma kidogo, chongoa midomo, toa pumzi. Kazi ya dakika chache! Ndugu wa Bungoma ninayekaa naye, b yake inatoka p. Dada Mkikuyu kutoka Nakuru, l yake inatoka r. Kila mtu pale ana sauti inayomgomea, ndiyo maana tulilipa.

Na hicho kipindi alichokichagua kuwa mfano, kilianza 1977, na mwaka 1979 Michael Grade wa kampuni iliyokitengeneza alikiondoa kwa kuona kinawadhalilisha wageni. Waingereza wenyewe walishaona ubaya wake, halafu mtu mweusi mwenzetu anakuja kumfanyia hivyo mama wa rika la mamake mzazi, mbele ya watoto.

Nilikusudia kutoa nyota tatu kwa sababu ya mkazo. Kadiri ninavyoandika naziona nyingi. Mbili? Hapana, moja, na hiyo ni ya vichekesho, ambavyo unaweza kutazama nyumbani ukiwasha maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ukasimamisha, ukarudia kwa sauti bila mtu wa kukucheka.

Niliuliza ofisini kuhusu ada ya mama. Dada wa mapokezi, bila hata kuinua macho, akasema hairudishwi. Sawa, yangu kaeni nayo. Ya mama mrudishieni, kwa namba ile ile aliyolipia.