Kadi ya debiti kununulia mtandaoni? Mimi basi tena

Nimekatwa pesa mara mbili kwa oda moja, halafu naambiwa "pesa yako haijapotea, ipo kwenye mfumo". Kwenye mfumo! Huo mfumo unanilipia kodi ya nyumba?

Majuzi nililipia viatu kwa kadi ya debiti, ile inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako. Ukurasa wa malipo ukazunguka weee, mwisho ukaandika malipo yameshindikana. Hapohapo zikaingia meseji mbili za benki zikifuatana: kiasi kilekile, dakika ileile. Muuzaji anasema hajapokea kitu na oda imefutwa. Benki inasema muulize muuzaji.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea dada mmoja. Nikajieleza kwa upole, "dada yangu, naomba unisaidie". Nasikia anatafuna kitu. "Mteja, ulihakiki salio kabla ya kununua?" Sasa kama salio halikuwepo mmekata nini, tena mara mbili? "Subiri siku saba hadi kumi na nne za kazi." Nikamuuliza muda wote huo pesa yangu anakaa nayo nani. "Asante kwa kupiga." Akakata.

Aliyenielewesha si wao. Ukilipa kwa kadi, benki kwanza inatoa idhini na kukizuia kile kiasi, muuzaji anakuja kukichukua baadaye. Asipokichukua, kinakaa kimefungwa mpaka idhini iishe muda au muuzaji aifute. Kadi ya mkopo nayo inakwenda hivyohivyo, ila pale kinachofungwa ni nafasi yako ya kukopa, pesa ya benki. Kwangu mimi kilichofungwa ni mshahara.

Na wenye sheria zao wanalijua hili. Uingereza wana sheria ya mikopo ya 1974: kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 ukikilipia kwa kadi ya mkopo, muuzaji akikuangusha unaweza kuidai benki pia. Debiti haimo. Marekani mwizi akitumia kadi yako ya mkopo, hasara yako kisheria haizidi dola 50; ikiwa debiti imeibwa na ukachelewa kutoa taarifa zaidi ya siku mbili za kazi tangu ujue, inaweza kufika 500, na ukizidi kulala, zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kadi ya mkopo ni bora, hakuna ubishi. Haya, ubishi upo. Mwenzangu kazini anayo, kila mwezi analipa kile kiwango cha chini tu, na riba inamtafuna huku yeye anaagiza vingine. Debiti angalau haikupi usichonacho. Kwa muuzaji uliyemzoea na kiasi kidogo, haina shida, na kusema kweli kabla ya haya ilikuwa haijawahi kunisumbua. Nilishaamua niipe nyota tatu.

Pesa zimerudi, zote. Kimyakimya, hakuna meseji wala samahani. Kumbe meseji zao ni za kukata tu. Na sasa hivi ninavyoandika imeingia nyingine: ada ya mwezi ya kadi. Hiyo haikusubiri siku za kazi. Nyota moja, na wasinipigie.