Mabegi 21 yalifika, naandika kwa ajili ya lile la 22

Ndege ilipoanza kushuka nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba shirika hili la ndege nalipatia nyota nne. Nilikuwa na wanafunzi 20, wa miaka 15 hadi 17, na wengi wao hawakuwahi kupanda ndege. Mmoja alitetemeka tangu tulipopaa. Mhudumu alipoweza kusimama alimfuata, akachutama pale kwenye ujia, akazungumza naye mpaka mtoto akacheka. Kwa hilo nawashukuru, na shukrani hiyo siifuti hata hasira ikinipeleka wapi huko chini.

Sasa nije kwenye kaunta ya mizigo.

Aliyewahi kusafiri na kundi la wanafunzi anajua kwamba siku ya kuingia mji mgeni kazi ya mwalimu ni kuhesabu. Ukishuka unahesabu, ukimaliza uhamiaji unahesabu tena. Kwenye mkanda wa mizigo tulihesabu vichwa 22, mimi na mwalimu mwenzangu tukiwemo, halafu tukahesabu mabegi: 21. Tukarudia. Mkanda ulizunguka mtupu, kisha ukazimwa. Aliyebaki mikono mitupu alikuwa binti mmoja mpole, yule ambaye siku zote huwa wa mwisho kuomba chochote. Na begi lenyewe halikuwa lake, aliazimwa na dada yake. "Mwalimu, nitamwambia nini dada?" Ndilo jambo pekee aliloniuliza.

Hapa kuna jambo ambalo nataka kila mwalimu alijue kabla hajasafiri, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Tulipokuwa tunakabidhi mizigo siku ya kuondoka, foleni ilikuwa ndefu. Mhudumu akapima mabegi yetu kwa mkupuo, akachapisha tagi zote 22 kwa jina langu, na vipande vyake vyote akavibandika nyuma ya pasi yangu ya kupandia ndege. Hufanywa hivyo kwa makundi, uzito unajumlishwa pamoja na kazi inakwisha haraka. Nilimshukuru hata! Sikuelewa kwamba kuanzia dakika ile, kwenye makaratasi, wanafunzi wangu hawakuwa na mizigo. Ilikuwa yangu yote.

Bwana wa kaunta alichukua pasi yangu, akatazama skrini, akasema: "Mabegi yako 21 yamefika. Limekosekana moja tu."

Moja tu. Nimelirudia neno hilo usiku na mchana tangu siku ile. Kwa binti yule lilikuwa moja kati ya moja.

Nilimweleza kwamba mwenye begi ni huyu hapa, kasimama mbele yake. Binti akasogea, akaanza kulieleza: la buluu, zipu imefungwa kitambaa chekundu. Yule bwana akamnyooshea kiganja bila hata kumtazama. "Nazungumza na mwenye mzigo." Binti akarudi nyuma yangu kama mtoto aliyekemewa kwa kosa ambalo halijui. Sijawahi kukasirika hivyo mbele ya wanafunzi, na sauti yangu ilipanda. Siombi radhi kwa hilo.

Kisha ikaja fomu. Inauliza rangi ya begi, ukubwa, alama, na vitu vilivyomo ndani. Vilivyomo ndani! Mimi nitajuaje mtoto wa watu kafunga nini? Anayejua yuko hatua moja kutoka hapo na kaambiwa anyamaze. Ikabidi aninong'oneze, mimi nirudie kwa sauti, bwana aandike. Nguo za ndani, taulo, viatu vya pili, daftari. Binti wa miaka 16 anamnong'oneza mwalimu orodha ya nguo zake za ndani huku foleni inasikiliza. Niliomba jina lake liandikwe angalau pembeni. Akakataa, akasema hakuna sehemu yake. Nikachukua kalamu nikaliandika mwenyewe.

Nje, dereva wa basi alikuwa anapiga simu kila dakika chache. Wavulana wawili walilala juu ya matoroli. Tulipanga siku ile ya kwanza tutembee kidogo, watoto waone mitaa watakayoipita kila asubuhi, wasije wakapotea. Tulifika hosteli giza limeingia, hakuna aliyeona chochote.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Safari za kimataifa kama yetu zinaangukia chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Begi likipita siku 21 bila kufika, abiria anaweza kudai kama limepotea. Na kikomo cha fidia, ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519 (kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF), huhesabiwa kwa kila abiria. Kwa kila abiria, si kwa kila kundi! Kwa hiyo jina lililo kwenye tagi si suala la kuharakisha foleni. Nyota nne zangu zilikuwa zimeshabaki sifuri.

Begi lililetwa usiku wa pili, labda wa tatu, siku hizo zimenichanganyikia. Aliyelileta ni mzee mmoja, kalipandisha ngazi zote kwa mkono. Nilitaka kulipokea, akakataa kuniachia. "Mwenyewe yuko wapi?" Binti akashuka, amevaa nguo za kuazima. Mzee akamkabidhi kwa mikono miwili, akamwambia pole. Basi, machozi ambayo hayakutoka uwanjani yalitoka hapo. Nami nilikuwa tayari kusamehe kila kitu, nakiri, nikaanza kuzirudisha nyota moja moja.

Kulipokucha tukaona gurudumu moja limeng'oka na mpini umepasuka. Nikapiga simu. Nikajibiwa kwamba uharibifu huripotiwa uwanjani kabla ya kuondoka. Uwanjani! Begi ambalo uwanjani halikuwepo! Mkataba uleule unatoa siku saba tangu kupokea mzigo, malalamiko yawe kwa maandishi. Tukaandika siku hiyohiyo. Nilitaka kuandika mimi, binti akasema ataandika yeye, mimi nitie sahihi kwa kuwa tagi ni yangu. Aliandika ukurasa mzima na jina lake akaliweka juu kabisa. Hadi leo hatujajibiwa.

Wakati wa kurudi nilidai kila mwanafunzi apime begi lake na kushika kipande chake cha tagi. Ilichukua muda mrefu, waliokuwa nyuma yetu wakanung'unika, nami sikuondoka pale mpaka wa mwisho alipomaliza.

Nalipatia shirika nyota moja, na hiyo ni ya yule mhudumu wa kwenye ndege. Kama yule mzee ameajiriwa nao, iwe mbili.