Tathmini: Matembezi ya Kuongozwa katika Magofu ya Abasia ya Bury St Edmunds

Mji wa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, ulikua ukiizunguka abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1020 kulitunza kaburi la Mfalme Edmund, aliyeuawa na Wadenmaki mwaka 869. Msomaji anayezijua Peramiho au Ndanda, kusini mwa Tanzania, ambako watawa wa shirika hilohilo wameendesha hospitali, shule na karakana, hatashangaa kusikia kwamba mji mzima uliitegemea nyumba ya watawa. Tofauti ni kwamba huku abati, mkuu wa watawa hao, alikuwa pia bwana wa mji, mwenye ardhi na mwenye soko.

Matembezi niliyoyalipia huanzia kwenye lango kuu, na hapo ndipo mwongozaji alipoifanya kazi yake vizuri zaidi. Alieleza kwa utulivu jinsi wenyeji, waliochoka kutawaliwa na abati, walivyoivamia abasia mwaka 1327 na kulibomoa lango la zamani, kisha akatuonyesha matundu ya mishale katika lango lililojengwa baada ya ghasia hizo. Baada ya maelezo hayo, mgeni anaelewa kwa nini nyumba hiyo iliposalimishwa mwezi Novemba 1539 kwa Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akizifunga nyumba za watawa nchini mwake, huenda si kila mtu mjini aliyesikitika.

Katika bustani yenye magofu ya kanisa la abasia mambo yalilegea. Kanisa lililokuwa na urefu wa zaidi ya mita 150 limebaki vipande vya gumegume na chokaa, kwa sababu madini ya risasi yaliyoezeka paa lake yalichukuliwa na mawe yaliyochongwa yakahamishiwa kwenye majengo mengine, ila sisi tulisimuliwa zaidi habari za mizimu ya watawa. Sheria ya mwaka 1536 iliyozifunga kwanza nyumba ndogo za watawa, zenye mapato yasiyofikia pauni 200 kwa mwaka, haikutajwa kabisa, na bila hiyo mtu anaweza kudhani kwamba abasia kubwa kama hii ilifutwa kwa hasira ya siku moja.

Uso wa magharibi wa kanisa ndio unaostahili safari. Ndani ya matao yake yaliyobomolewa watu walijenga nyumba za kuishi, na hadi leo milango na madirisha ya kawaida kabisa yamepachikwa katikati ya ukuta wa karne ya 12. Sijaona mahali pengine panapoonyesha waziwazi namna hii jinsi mji ulivyojigawia maiti ya abasia yake. Tulisimama hapo kwa muda mfupi mno.

Kanisa la St Mary halimo katika matembezi, nalo ni pengo kubwa, kwa kuwa ndimo alimozikwa upya Mary Tudor, dada yake Henry VIII na aliyewahi kuwa malkia wa Ufaransa, baada ya kaburi lake la kwanza kupotelewa na abasia iliyolihifadhi. Wala hatukuambiwa kwamba mji ulisubiri hadi mwaka 1606 kupata hati ya kifalme ya kujitawala, ingawa abati aliyeuzuia kwa karne nyingi alikuwa ameshaondoka.

Kuingia bustanini ni bure, na vibao vilivyopo vinatosha kwa mtu aliyesoma kidogo kabla ya kufika. Kwa hiyo ningemshauri mgeni alipie matembezi haya kwa ajili ya lango tu, kisha abaki peke yake kwenye uso wa magharibi kadiri apendavyo. Nawapa nyota tatu kati ya tano.