Bujora kwa jicho la fundi seremala

Kama unapenda vitu vya kuchongwa, nenda Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Kutoka Mwanza mjini unapanda daladala za Kisesa, ukishuka unamalizia na bodaboda. Yalianzishwa mwaka 1968 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada.

Mimi ni seremala hapa Igoma, kwa hiyo kilichonishika ni banda la ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma: jengo zima limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kiti! Na ngoma zenyewe ni gogo zima, hakuna ubao uliounganishwa. Inama utazame ubavuni. Utaona alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea, moja baada ya nyingine, hazikupigwa msasa, na bado duara limekaa sawasawa. Kazi hiyo mashine haikupi.

Mchukue mwongozaji, usimwonee hela yake uchungu. Anaeleza ushindani wa Bagika na Bagalu, vyama vya wacheza ngoma, mpaka unatamani Bulabo ifike. Hiyo ni sikukuu ya mwezi Juni, wachezaji wanashindana hapohapo Bujora. Watoto wapelekeni pia, hasa wanaopenda kuchora.