Niliagiza Gal Costa, nikaletewa Gal

Nianze na muuzaji, maana roho bado inanichemka. Niliagiza santuri ya Gal Costa, yule mwimbaji wa Brazili, ya mwaka 1969, inayoitwa kwa jina lake kamili, ile yenye "Baby" na "Divino, Maravilhoso". Hiyo tu. Wiki zikapita, mzigo ukafika, nafungua: jalada la michoro ya rangi kama njozi za mgonjwa wa homa, na jina ni Gal, basi. Kumbe mwaka huohuo alitoa albamu mbili! Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zangu zote. Jibu lake: "Mwimbaji ni yuleyule, mwaka uleule. Sikiliza kwanza." Yaani mimi leo nifundwe kusikiliza! Hakuna samahani, hakuna "irudishe".

Nikaipiga kwa hasira, natafuta kosa. Nikalipata. Huyu si yule binti wa jimbo la Bahia wa kwenye albamu ya Domingo, aliyeimba na mwanamuziki mwenzake Caetano Veloso mwaka 1967 kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Hapa ni mayowe. Gitaa la Lanny Gordin linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Ilipofika "Pulsars e Quasars" mke wangu akachungulia kutoka jikoni: "Baba watoto, huyo mtu anachinjwa?" Nikamwambia ndiyo, yeye pamoja na hela yangu.

Nyota moja. Nilishaamua.

Usiku watu wamelala, nikarudia upande wa kwanza, sauti chini. "Tuareg", utunzi wa Jorge Ben, ikaanza, mguu ukatikisika bila ruhusa yangu. Halafu "Meu Nome É Gal", pale anapoacha kuimba na kujitambulisha, mpaka umri anautaja: miaka 24. Mtoto kabisa! Na wakati huo Caetano na mwanamuziki mwenzake Gilberto Gil wameshakamatwa na wanajeshi waliokuwa wakitawala nchi, tangu Desemba 1968, kisha wakaishia uhamishoni London. Yeye kabaki Brazili, anaimba nyimbo zao. Sasa ulitaka abembeleze nani? Yale mayowe nikayasikia vingine kabisa, nikainua sindano nikairudisha mwanzo, mara tatu.

Basi nyota nne. Tano, kama si yule fidhuli. Sawa, alisema kweli, lakini ukweli nao una namna ya kuusema, na "Baby" yangu mpaka leo sina. Nimeiagiza tena juzi. Kwa yuleyule, maana kwingine nimeikosa.